Sili Kuukuu na Trei za Mayai

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na mdomo wangu nao umeanza. Tulikuwa mezani wanne: Baba mkwe, Mama mkwe, mume wangu na mimi. Baba akasema amechoka kuliangalia gari lake likioza bandani, na kwamba yule mnunuzi tunayemwita Bwana Miwani amepita tena kuliulizia. "Mvua zikiisha, namwachia alichukue," akasema, kisha akasukuma sahani yake pembeni. Nikajisikia nikisema, "Baba, niachie mimi. Kabla mvua hazijaisha nitakuwa nimeliwasha."

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeona mkewe anapanda paa bila ngazi.

Injini yenyewe si kama nyingine. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka ndani ya makasha yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Mafundi wengi wakiiona hufunga boneti na kukumbuka kwamba wana safari. Mimi nafanya kazi gereji, lakini ya namna hii nimefungua moja tu maishani, tena mwalimu wangu akiwa pembeni. Hilo sikulisema mezani.

Baba amenipa sharti moja: vitu vyote vya zamani virudi. Anautaka mlio wake uleule. Zamani Mama alikuwa akiusikia gari likiwa bado kule konani, na Baba akifika mlangoni anakuta chai imeshainjikwa. Baba alipokuwa akisimulia, Mama alikuwa anakusanya vyombo. Aliuliza tu, "Hiyo kazi itaisha lini, bibi harusi?"

"Karibuni, Mama."

Nina mwaka mzima humu ndani na bado ni bibi harusi.

Jumatano, 5 Machi

Injini imetoka. Mgongo wangu nao nusura.

Ijumaa, 7 Machi

Bandani ndiko Mama alikokuwa akianika nguo wakati wa mvua. Sasa kamba zimehamia sebuleni. Baba anasoma gazeti chini ya shuka, na jana nimegongana na mume wangu kati ya foronya mbili, tukaombana radhi kama watu wasiojuana. Mama kaniuliza tena itaisha lini. Nadhani analitaka banda lake.

Jumatatu, 10 Machi

Mume wangu ni kinyozi, na Jumatatu hafungui. Amempeleka Mama sokoni kwa pikapu ya rafiki yake. Wameondoka asubuhi wamerudi jioni, na kabichi moja.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeifungua yote, na nimekaa muda mrefu juu ya ndoo nikiitazama.

Kila pembe ya rota ina sili ya ncha, kipande chembamba cha chuma kinachoziba hewa isipite, kikikwangua ukuta wa kasha kila mzunguko. Hizo zimekwisha. Huhitaji hata kupima, unaziona zilivyoliwa katikati. Lakini ubavuni mwa rota kuna sili nyingine, nyembamba zaidi, zilizopinda kama nyusi, na hizo ndizo zenye shauri. Kila moja imechakaa pamoja na mfereji wake. Ukiirudisha kwake, itafanya kazi miaka mingine. Ukiiweka kwa jirani, inavujisha mgandamizo wa hewa, na injini isiyo na mgandamizo haiwaki hata uibembeleze.

Kwa hiyo nimezipanga kwenye trei za mayai, kila moja katika shimo lake, na chaki pembeni: rota ya mbele, rota ya nyuma, upande huu, upande ule. Ndivyo mwalimu wangu alivyokuwa akifanya, akisema hajaona kabati bora kuliko trei ya mayai.

Habari za sili za ncha sijamwambia Baba. Ameingia mara mbili kuuliza vitu vyake vinaendeleaje, kwa sauti ya mtu anayeulizia wagonjwa.

Jumatatu, 17 Machi

Sokoni tena. Vitunguu. Nimemuuliza mume wangu vitunguu gani hivyo vinavyotafutwa kutwa nzima. Akasema foleni.

Jumanne, 18 Machi

Leo nilikuwa naamua kama makasha yarudi. Ndani yamepakwa kromu, madini magumu ya kung'aa, na kromu ikianza kubambuka inatafuna sili mpya kwa muda mfupi. Njia ya kujua ni kupitisha ukucha: ukiteleza, kasha ni zima, ukikwama, kuna neno. Lakini mimi kucha zangu nazikata mpaka karibu na nyama, maana kazi hii haina urafiki na kucha. Mwenye kucha katika nyumba hii ni Mama.

"Mama, naomba uniazime ukucha."

Alidhani namtania. Nilipomweleza alifuta mikono, akavaa miwani, akapitisha kidole ndani ya kasha polepole, uso ameukaza kama anasikiliza kitu cha mbali.

"Hapa unateleza. Hapa pia. Hapa... hapa umekwama."

Nikaangaza tochi. Kromu ilikuwa imebambuka, lakini ukingoni kabisa, ambako sili haifiki. Kasha linarudi. La pili nalo ni zima. Nilifurahi hata nikamshika mabega.

Hakuondoka mara moja. Akauliza petroli inaingilia wapi, moshi unatokea wapi. Akauliza, "Na klachi iko wapi katika mambo haya?" Nikamwonyesha inakokaa, nyuma ya injini. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo alilokuwa akilishuku.

Alhamisi, 20 Machi

Wakati wa chakula nimeona mguu wa kushoto wa Mama unabonyeza sakafu, unaachia taratibu, unabonyeza tena. Nimemuuliza kama goti linamsumbua. Kasema ni baridi ya mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi kutoka gereji mchana nimelowa chepechepe. Banda lilikuwa linang'aa. Sakafu imepigwa deki, spana zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na mezani kumetandikwa taulo jeupe. Juu ya taulo vimelala vitu vyangu vyote, vimeoshwa kwa sabuni, vimekaushwa, vimepangwa kwa urefu. Sili za ubavu zimelala bega kwa bega, zinapendeza, na hakuna hata moja inayoweza kuniambia ilikotoka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na karai.

"Nimekupunguzia kazi, bibi harusi. Masizi yale! Maji nimebadilisha mara tatu."

"Na trei, Mama?"

"Nimemrudishia muuza mayai. Si zilikuwa za dukani?"

Zilikuwa za dukani. Mama hana raha trei tupu ikiwa ndani ya nyumba yake. Huzirudisha kabla muuza mayai hajakumbuka kuzidai. Mimi nilijua tabia yake hiyo, na bado nikaziona trei kuwa kabati.

Nikasema asante. Kisha nikaenda bafuni, nikafungulia maji kwa nguvu na kulia.

Jumapili, 23 Machi

Nimeamka na hasira zilezile. Nimejipa maelezo yote: hataki gari liwake, anataka banda lake, anataka Bwana Miwani aje na lori lake tuondokane na habari hii. Kila siku itaisha lini, itaisha lini, na sasa amepata namna ya kuimaliza. Mume wangu kaniambia, "Mama hawezi kufanya kitu kama hicho kusudi." Nikamwambia, "Mama yako anaweza chochote." Akaangua kicheko peke yake, sijui nini kilichomchekesha.

Jumatatu, 24 Machi

Sokoni. Leo hawakuleta kitu kabisa. Eti wamesahau.

Jumanne, 25 Machi

Jirani alikuja, na Mama akampeleka bandani kumwonyesha kazi aliyonifanyia. Mimi nilikuwa nje dirishani, nakinga maji ya paa. Nikamsikia akisema, "Mkwe wangu huyu ni fundi wa kweli. Ila kuosha hajui." Alisema kwa majivuno kabisa, kama vile amenizaa. Hasira yote ikaniishia hapohapo, nikabaki na aibu, na nikajua lazima nimwambie.

Jirani alipoondoka nikamweleza. Nilimwonyesha mfereji na sili, na jinsi kila moja ilivyo na kwao. Alisikiliza bila kunikatiza. Akatazama taulo lake jeupe. Akachukua mwavuli, akatoka kwenye mvua kubwa bila kuaga.

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Akarudi baadaye, viatu vinatoa maji, amekumbatia trei iliyojaa mayai.

"Ile moja nimeitambua, ilikuwa na doa la oili," alisema. "Lakini ameshaijaza. Kakataa kuimwaga, nikainunua na mayai yake. Hebu tazama kama chaki bado ipo."

Haikuwepo. Mama mwenyewe alikuwa ameshaifuta vizuri kabla ya kuirudisha. Tukatazamana, maji yanamtiririka puani, na nani alianza kucheka sijui. Tulicheka mpaka Baba akaja kuuliza kama injini imewaka.

"Hazijulikani tena?" Mama akaniuliza tulipotulia.

"Zinaweza kujulikana, kwa kuzijaribu moja moja katika kila mfereji. Ni kazi ya kuchosha."

"Nani amekuambia nimechoka? Sogeza kiti."

Ijumaa, 28 Machi

Mayai asubuhi, mayai mchana, mayai jioni. Mume wangu anasema ataanza kutaga.

Jumatano, 2 Aprili

Tunakaa bandani kila nikitoka gereji. Mimi naingiza sili mferejini, napima nafasi kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mianya. Mama anaichomoa kwa ncha ya ukucha bila kuikwaruza, kitu ambacho mimi kwa koleo siwezi. Siku ya kwanza alikuwa ananiuliza. Sasa anasema mwenyewe. "Hii inalegalega, itoe." "Hii imekakamaa, kwao si hapa." Na ikikaa sawasawa anaigonga rota kidogo kwa kidole na kusema, "Karibu nyumbani."

Nilikuwa namwona mtu mkimya. Kumbe ni mtu aliyekuwa hajaulizwa. Amenisimulia visa vya ujana wake, nikacheka hata nikaangusha fila ndani ya oili. Nikamuuliza kama aliwahi kuliendesha gari hili. Akasema, "Mimi? Mimi kazi yangu ilikuwa kuinjika chai," akachomoa sili nyingine.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumemaliza. Nyingi zimepata kwao. Tatu hazikukaa popote.

Sasa kuna uamuzi, na ni wangu. Naweza kuagiza sili zote mpya na kulala usingizi, lakini kila sili mpya ya ubavu huja ndefu kuliko inavyotakiwa, inabidi kukatwa kwa tupa mpaka ikubali, na masika hayatanisubiri. Naweza kurudisha zote za zamani kama Baba anavyotaka, na kuwa na injini yenye historia nzuri na isiyowaka. Nimeandika hivi ili nisijidanganye: sili za ncha zote mpya, springi zote mpya kwa sababu za zamani hazisukumi tena, na za ubavu zilizopata kwao zinarudi. Zile tatu nitatengeneza mpya. Nikikosea, gari linaondoka na Bwana Miwani, na mimi ndiye niliyeomba niachiwe.

Imebaki kumwambia Baba.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia. Nilimwekea sili ya ncha mkononi, ile iliyoliwa zaidi. Aliigeuza geuza.

"Hizi zimenipeleka kila mahali."

"Najua, Baba. Zimechoka kwa ajili hiyo hiyo."

"Mlio utabadilika."

"Mlio unatoka kwenye rota na makasha, na hivyo vinarudi. Mama amevipima mwenyewe."

Akamgeukia Mama. "Wewe umepima?"

"Kwa ukucha," Mama akajibu, na kuendelea kumenya viazi.

Baba aliifuta kwa kiganja. Halafu akaichomeka ile sili kuukuu kwenye mfuko wa shati, kama kalamu, na kusema niagize ninachotaka. Ameshinda nayo hapo kifuani mpaka jioni.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Kifurushi hakijafika.

Jumatatu, 21 Aprili

Kifurushi hakijafika. Mume wangu na Mama wamerudi kutoka "sokoni" wamelowa, wanacheka mpaka wanashikana ukutani, na Mama ameficha kitu kwenye mkoba. Wakigundua nawatazama wananyamaza kama watoto. Bwana Miwani alipita wakiwa hawapo, akakagua matairi kwa ncha ya mwavuli wake, akatazama mawingu.

Ijumaa, 25 Aprili

Kimefika!

Jumatano, 30 Aprili

Piga tupa, jaribu, piga tupa, jaribu. Sili tatu mpya zimeingia. Mkono wangu wa kulia hauwezi hata kushika kijiko, Mama ananikatia nyama kama mtoto, na sijali.

Ijumaa, 2 Mei

Kufunga. Sili haziwezi kusimama zenyewe wakati unaingiza rota ndani ya kasha. Zinashikizwa kwa mafuta mazito yasiyodhuru kitu. Nilikuwa nayo kidogo, yakaisha nikiwa katikati, rota iko hewani mikononi mwangu. "Mama, mafuta!" Akanitazama, akakimbia ndani, akarudi na mkebe wake wa mafuta ya mgando ya kujipaka, yale ya gharama yenye manukato ya waridi. Akachota mwenyewe kwa vidole viwili na kupaka, sili kwa sili. Mkebe umekwisha wote. Injini imefungwa.

Leo kaniuliza tena itaisha lini, lakini alikuwa anatabasamu.

Alhamisi, 8 Mei

Injini imerudi garini. Mvua zinapungua, asubuhi kulikuwa na jua. Kwa mara ya kwanza maishani sikulifurahia.

Ijumaa, 9 Mei

Haliwaki.

Stata inazunguka vizuri, plagi zinatoa cheche, petroli inafika. Linakohoa mara moja na kunyamaza. Nimekaa chini sakafuni. Baba alinisaidia kufunika zana. Nilitamani anikaripie. Nawaza zile sili kuukuu za ubavu. Nawaza kwamba nilipaswa kutupa zote.

Jumamosi, 10 Mei

Jua tangu asubuhi, hakuna wingu hata la kusingizia. Mume wangu kaenda saluni, Jumamosi ndiyo siku yake. Pikapu ya rafiki yake ilikuwa imeachwa uani. Mimi nilikuwa nimelala huku nawaza, na nilipoamka nilikuwa nimekumbuka kitu: ile injini tuliyofungua na mwalimu wangu nayo iligoma. Sili mpya hazijalizoea kasha, mgandamizo ni mdogo, stata haiwezi kuizungusha vya kutosha. Ile tuliivuta kwa gari jingine mpaka ikakubali.

Nilikuwa namweleza Baba hayo, Bwana Miwani akaingia getini. Alitusalimia vizuri, nikiri, na akauliza kama mvua zimeisha. Baba akasema zimeisha.

"Baba, mara moja tu," nikasema. "Tulivute. Wewe ukae kwenye usukani, mimi lazima niwe kwenye kabureta."

"Na pikapu ataendesha nani?"

Nikampigia mume wangu. Alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Bwana Miwani akatazama saa yake, na sikuona kama ana haraka ya kujitolea. Baba akashusha pumzi, akaanza kusema, "Basi, mwanangu, umejitahidi," na hapo tukasikia mlango wa pikapu unafungwa.

Mama alikuwa ndani. Amesogeza kiti mbele, amerekebisha kioo, na funguo alizitoa kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Funga kamba," akaniambia.

Baba alibaki mdomo wazi. "Mama watoto, hilo ni gari."

"Najua ni gari. Leseni ninayo," akasema, akaitoa dirishani ili atazame anayetaka. "Unadhani kabichi moja inanunuliwa kutwa nzima?"

Yote yakanijia kwa pamoja: vitunguu, foleni, mguu wa kushoto chini ya meza, klachi iko wapi. Nilifunga kamba. Baba akaketi nyuma ya usukani wake, mimi nikatembea pembeni ya boneti iliyo wazi, mkono kwenye kabureta. Mama akaachia klachi taratibu, taratibu, kamba ikakaza bila mshtuko, tukatoka getini kuingia barabarani. Nikapiga kelele, "Baba, gia ya pili, achia klachi!" Gari likatikisika, likakohoa, likakohoa tena. Nikakimbia nalo. Na hapo likashika.

Mlio ule siwezi kuuandika. Unabubujika kama mtu anayecheka kabla hajamaliza kisa. Moshi mweupe ulijaa mtaa mzima, na mtaa mzima ukanukia waridi. Jirani alitoka na ndoo ya maji akidhani tunaungua, akasimama na kunusa. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, Baba naye anangurumisha injini kwa mguu na kufuta macho kwa mkono uleule ulioshika ile sili kuukuu. "Ni ule ule," alikuwa akisema. "Ni ule ule kabisa."

Mama alishuka kwenye pikapu, akafungua kamba, akafunga boneti, akafungua mlango wa dereva.

"Hamia kule."

Na Baba akahamia. Hajawahi kukaa upande ule wa gari lake, hakujua mikono aiweke wapi. Mama akanigeukia: "Mwanangu, panda. Umelitengeneza wewe, unasubiri ukaribishwe?" Tukampita Bwana Miwani getini, Mama akampigia honi ndogo ya adabu. Njia nzima mguu wa kulia wa Baba ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo.

Jumapili, 11 Mei

Jua. Kamba za nguo zimerudi bandani, na sebuleni tunaonana.

Mama ametoka na gari peke yake tangu asubuhi. Kasema anakwenda kuliona lile soko kweli. Baba amekaa mlangoni, anasimama, anakaa, ile sili imo mfukoni mwa shati. Kila baada ya muda ananiuliza, "Atarudi lini?"

"Karibuni, Baba."

Muda huu nikiwa naandika, amenyanyua mkono ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema kitu. Kule konani kuna mlio. Amesikiliza mpaka akahakikisha, kisha ameingia jikoni, na sasa namsikia anafungua kabati moja baada ya jingine, anatafuta majani ya chai yanakokaa.